Atakayeimba "Kaki" na Mke Wangu

Jumatatu, 11 Novemba

Msiba! Mama Setsuyo kaninyang'anya wimbo wangu. Si wimbo tu, na mke aliyemo ndani yake.

Niandike kwa utaratibu. Kila mwaka msimu wa chaza ukifunguliwa hapa Kagehama kuna sherehe bandarini, na kila mwaka mimi, Orita Tetsuji, dobi, na mke wangu Chizuru tunapanda jukwaani kuimba "Kaki" ya bendi ya Yakan. Miaka ishirini na sita mfululizo. Yakan wamepiga rock miaka thelathini na minane. Wamebadilisha mpiga ngoma mara nne, nywele zimewatoka, matumbo yamewatoka, lakini "Kaki" haijazeeka. Mwanamume anaimba, mwanamke anajibu, kisha wanaimba pamoja. Dakika nne. Hapa mjini "Kaki" ni mimi na Chizuru. Watoto wanajua. Mbwa wanajua.

Leo Mama Setsuyo, mwenye mkahawa wa karaoke wa Sazanka na msimamizi wa jukwaa la sherehe, kaja dukani kuchukua kimono chake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba mwaka huu mwanamume wa "Kaki" atachaguliwa na mashine. Mashine ya alama! Tarehe 23, siku yenyewe ya sherehe, saa tano asubuhi palepale Sazanka. Mwenye alama nyingi ataimba na Chizuru bandarini saa sita. Nikauliza nimekosa nini. Akasema wavuvi wamelalamika: mwaka jana nilianza kuimba kabla ya muziki na nikamaliza baada yake.

Nikauliza nashindana na nani. Akajifanya anakagua kola ya kimono. Nikajua. Nishiwaki!

Nishiwaki ni kondakta wa treni mstaafu. Mkewe alifariki, naye kahamia hapa kutoka Nara mwezi wa nne, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka thelathini na mitano ametangaza majina ya vituo kwenye maikrofoni, sasa akisema hata "habari za asubuhi" unatamani kuteremka. Alama zake Sazanka: 96. Zangu: 71. Na kuna jingine baya zaidi. Tangu ahamie hajaleta dukani kwangu hata soksi. Anajipigia pasi mwenyewe! Na mikunjo imenyooka. Nimeikagua.

Nilimwambia Chizuru wakati wa chakula, nikitegemea atapindua meza. Akasema, "Basi jizoeze, Baba Honami," akaendelea kutafuna figili. Sikuona hasira hata ya kusingizia. Tena nakumbuka wiki iliyopita Nishiwaki alipomaliza kuimba, Chizuru alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mimi hunipigia makofi ya kifuani. Miaka ishirini na sita ya kifuani!

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya kufunga duka. Saa saba mchana tulikuwa Sazanka, kundi zima la wapenzi wa Yakan, watu kumi na mmoja, magoti mabovu kumi na tisa. Tunajiita Watu wa Birika, maana yakan ni birika.

Kwanza ubishi wa kila wiki: "Kaki" ni kaki ipi? Neno hilo lina maana mbili. Kuna kaki chaza, wa baharini, na kuna kaki tunda, la rangi ya chungwa, linaloning'inia mitini wakati huu wa mwaka. (Suruali za kaki hazimo, hizo nazifua.) Katika mazungumzo hatukosei: kwetu Hiroshima sauti ikianzia juu ikashuka ni chaza, ikianzia chini ikapanda ni tunda. Lakini ndani ya wimbo sauti inafuata gitaa, na Yakan waliliandika jina kwa herufi za sauti tupu, zisizoonyesha maana, wakakataa kueleza. Mwanamume anaimba, nifungulie, nimechoka kugonga. Huyo ni chaza, mjinga gani haoni? Mwanamke anajibu, ngoja, ukinichuma leo utajuta. Bibi Kanzaki wa duka la maua anasema hilo ni tunda na haongezi neno. Tumebishana miaka ishirini. Leo Nishiwaki akasema kwa upole kwamba labda ni vyote viwili. Wote wakatikisa vichwa kana kwamba wameteremshiwa wahyi. Mimi nilisema hivyohivyo mwaka juzi, nikaambiwa nipunguze bia.

Sasa mpango wangu. Rimoti ya mashine ina kitufe cha kupandisha wimbo. Nishiwaki alipokwenda kuchukua maikrofoni (anaishika kwa kitambaa, ati usafi), nikapandisha hatua tatu. Nikajitia kusoma orodha ya vinywaji. Nikasubiri apasuke.

Hakupasuka. Alipanda na wimbo kama paka anavyopanda ukuta. Alama 97. Chizuru: makofi juu ya kichwa. Bibi Kanzaki alitoa leso.

Zamu yangu. Nilisahau kushusha! Alama 58. Mashine ikaandika kwenye kioo, "Usikate tamaa!" Sijawahi kutukanwa namna hiyo na kifaa cha umeme.

Wakati wa kutoka Nishiwaki alinipigapiga begani, ati, "Bwana Orita, wewe una moyo." Moyo! Mtu akikusifu moyo ujue sauti yako haina la kusifiwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Sasa najizoeza kila jioni chini dukani, ndani ya mvuke wa pasi. Mvuke unalainisha koo. Juu nyumbani kimya kabisa, hata televisheni haisikiki. Nadhani Chizuru analala mapema siku hizi. Hata kunisikiliza hataki. Roho inaniuma.

Lakini leo! Leo mbingu zimenifungukia! Nishiwaki alipita dukani saa nne, Chizuru akiwa amekwenda kupeleka nguo za hoteli. Hakuleta nguo, bila shaka. Kaja kusalimia tu, shati lake limenyooka mpaka linakera. Katika kuongeaongea nikamwambia kwamba mwezi huu mji mzima utakula kaki mpaka zitoke masikioni. Akacheka akasema yeye kaki hagusi. Akigusa hata moja, mdomo unakauka, ulimi unakuwa kama gunia, na sauti inakimbia mpaka kesho yake.

Nikamwomba arudie. Nilitaka kuwa na hakika. Akarudia, na sauti yake ilianzia juu ikashuka, wazi kabisa. Chaza!

Nilijishika kwenye kaunta nisimkumbatie. Nikampa pole ndefu. Alipoondoka nilicheza peke yangu kati ya makoti.

Jumapili, 17 Novemba

Nilimwambia Chizuru tumwalike Nishiwaki chakula cha mchana, ujirani mwema. Chizuru alinitazama kwa furaha, akasema kumbe nami nina utu. Nikamwomba apike katlesi za viazi, na ndani atie chaza waliokatwakatwa wasionekane. Asimwambie mgeni. Ni mshangao, nikasema.

Mgeni akaja amevaa soksi mpya. Akala katlesi moja. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nazihesabu kimoyomoyo na kila moja niliipigia saluti. Akafika ya saba. Nikamtazama koo. Nikasubiri ulimi uwe gunia.

Hapo Chizuru akashindwa kuzuia siri. Akasema, "Bwana Nishiwaki, humo ndani mna kaki!" Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Nishiwaki alikuwa amesimama, anainama kwa shukrani. Akasema tangu ahamie Kagehama amekuwa akiwatamani chaza wa hapa, ila kula peke yake mezani kunamtia huzuni. Akaomba ya nane.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, si alisema kaki hagusi? Akanikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Tunda, Bwana Orita! Nilisema tunda! Kwetu Nara sauti inakwenda kinyume na kwenu. Chaza wenu ni tunda letu, tunda lenu ni chaza wetu!" Alikulia kwenye shamba la miti hiyo, alizila utotoni mpaka mwili ukazikataa.

Chizuru naye akacheka bila kuziba mdomo. Miaka ishirini na saba ya ndoa nimeyaona magego yake mara mbili: siku aliyozaliwa binti yetu Honami, na leo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria tunda.

Jumatano, 20 Novemba

Sazanka. Nishiwaki: 98! Akatangaza mbele ya wote kwamba ni nguvu ya chaza wa nyumbani kwa Orita. Nimejipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi: 72. Alama moja zaidi! Hakuna aliyeona.

Na kwa kuwa huku ukipokea lazima urudishe, alileta zawadi ya shukrani. Kwa nani? Kwa Chizuru. Nini? Chupa ya asali na tangawizi. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya koo lake! Mwanamume anayefikiria koo la mke wa mtu ana ajenda. Chizuru akasema, "Mtu wa watu huyu." Miaka yote hii nimempelekea maji ya moto kila akikohoa na sijaitwa mtu wa watu.

Nilitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Shangazi Tome, mlimani. Mti wake wa kaki ni maarufu kwa ukakasi. Tunda zuri kwa macho, lakini ukiling'ata kabla ya wakati mdomo mzima unajifunga kama mfuko wa kamba. Lazima ulichovye kikonyo kwenye pombe, ulifungie wiki nzima, ndipo liwe tamu. Shangazi, ambaye ana masikio mazito, akanijazia mfuko na kunipigia kelele nisisahau pombe. Nikaitikia, ndiyo Shangazi, siwezi kusahau.

Sitachovya hata moja!

Ijumaa, 22 Novemba

Nimepika! Chizuru alipokwenda hotelini nikafunga mlango wa jikoni. Saladi ya siki: figili nyeupe iliyokatwa vijiti vyembamba, na badala ya karoti, kaki za Shangazi, vijiti vilevile. Huwezi kutofautisha. Nimejikata kidole gumba mara mbili. Nikaonja kijiti kimoja. Ulimi ulijikunja ukatafuta pa kujificha. Nilikunywa maji vikombe vitano na bado nilikuwa natema mate ya sufi.

Kesho asubuhi namkabidhi Nishiwaki. Kurudisha shukrani ya shukrani. Nani atakataa karoti? Nimemwambia Chizuru kwamba nimemwandalia jirani kitu kidogo. Akanitazama kidole, akanifunga plasta taratibu sana. Nadhani ananionea huruma kwa sababu kesho ataniacha chini ya jukwaa.

Hanijui huyu!

Jumamosi, 23 Novemba

Ee Mola wangu. Niandike au niache? Naandika.

Saa nne na nusu Sazanka ilijaa. Nikampa Nishiwaki kisanduku kwa mikono miwili, nikasema ni kitu kisicho na maana yoyote. Hapo nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa mji huu analijua: chakula kikiingia mahali penye watu, si cha mtu mmoja. Kabla Nishiwaki hajakifunua, Mama Setsuyo alishaleta visahani kumi na viwili. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Nishiwaki akasema samahani, yeye kabla ya maikrofoni hali siki, ndiyo nidhamu ya kikondakta. Akasukuma kisahani chake kwa Chizuru.

Na Chizuru akasimama. Akawaambia watu wote, "Jamani, tangu tuoane huyu hajanikatia hata karoti. Ameona aibu kusema, lakini tazameni kidole chake." Macho yalikuwa yanamng'aa. Akaweka mdomoni fungu zima. Nikafungua mdomo niseme usile. Niseme nini baadaye? Nikafunga. Akala sahani yake. Akala na ya Nishiwaki. Bibi Kanzaki akala. Mama Setsuyo akala. Kisha wote wakanigeukia, mpishi naye ale. Nikala.

Watu kumi na mmoja walikuwa wanatafuta ndimi zao. Bibi Kanzaki alisema kitu, kikatoka "fff". Mama Setsuyo akasema labda siki ni kali. Chizuru, midomo imejikusanya kama tundu la kifungo, akasema tamu. Alisema tamu!

Mashine ikawashwa. Mimi: 34. Katikati ya wimbo kioo kiliuliza kama maikrofoni imewashwa. Nishiwaki: 99. Hakuna aliyepiga makofi maana kila mtu alikuwa ameshika glasi ya maji.

Bandarini saa sita, watu mia tatu na kamera ya televisheni ya mkoa. Chizuru, akiwa amevaa gauni la bluu, lile la mwaka tuliooana, nililipiga pasi mwenyewe jana, alipanda jukwaani na Nishiwaki. Nishiwaki akaimba, nifungulie, nimechoka kugonga. Zamu ya Chizuru. Ngoja, ukinichuma leo utajuta. Ikatoka sauti ya mlango wa kibanda cha samaki. Akajaribu tena. Hewa tupu. Akainamisha kichwa, akashuka ngazi za nyuma, akasimama peke yake kando ya majiko ya chaza na kikombe cha maji.

Nishiwaki hakusimamisha wimbo. Aliimba sehemu yake, kisha akabana sauti akaimba na sehemu ya mke wangu. Wavuvi walicheka, kisha wengine wakalia. Walimshangilia dakika tano.

Nilimwendea Chizuru. Nilitaka kumshika mkono. Akaniuliza, kwa sauti ya karatasi, kama na mimi nimeumwa na siki. Nikasema ndiyo. Akaniambia pole.

Jumapili, 24 Novemba

Simu ya Shangazi Tome saa mbili asubuhi. Kaipokea Chizuru. Shangazi huongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bahari. Akauliza yale matunda yana siku ngapi kwenye pombe. Tusije tukayala hivihivi, akasema, yanafunga mdomo, mwaka juzi kuhani wa hekalu alishindwa kusoma maombi. Nilimsikia nikiwa chini kwenye mashine ya pasi. Mtaa wote ulimsikia.

Chizuru akateremka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza neno moja tu, "Karoti?" Nikatazama pasi.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema mashine ilikuwa ya kuwatuliza wavuvi tu. Wiki ile ya kwanza alimwendea Mama Setsuyo akamwambia mashine na iseme itakavyosema, yeye "Kaki" ataimba na mumewe au haimbi. Nishiwaki alikubali siku hiyohiyo. Angepewa wimbo wa kufungulia sherehe, "Treni ya Kwanza Imeondoka", unaomfaa kuliko wote. Jana, baada ya zile 34, Nishiwaki mwenyewe ndiye aliyekuja kuniuliza kama nitaweza kuimba, na mimi nikamtolea sauti ya chura nikakimbilia bombani. Ndiyo maana akapanda yeye, na Chizuru akakubali ili sherehe isiharibike.

Nikauliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema kila jioni alikuwa anazima televisheni ili anisikie nikijizoeza kwenye mvuke. "Nikasema moyoni, kumbe huyu mzee bado ananigombania. Nikanyamaza ili uendelee."

Akasema mwaka mzima mimi nasimama nyuma ya pasi, yeye anasimama kwenye kaunta, tunatazamana kupitia nguo za watu wengine. Siku moja tu kwa mwaka tunasimama pamoja. "Dakika nne, Baba Honami. Sina nyingine. Na hizo nazo umezitia ukakasi."

Akapanda juu. Nilibaki na pasi mkononi mpaka shati la daktari wa meno likaungua.

Jumanne, 26 Novemba

Siku ya pili hatuongei. Anapika, anaweka, anaondoka. Wali wa mtu mmoja mmoja. Nishiwaki alipita kujulia hali. Chizuru hakumweleza kitu, alimwambia tu kwamba siki ilikuwa mbovu. Kanisitiri! Nilijisikia mdogo kuliko kifungo. Pia niliona kwamba alimtazama Nishiwaki usoni alipokuwa akiongea, na mimi ananitazama magotini. Lakini hilo nilistahili.

Saa tisa nikachukua kikaratasi cha dukani, kile tunachobana kwenye nguo kuandika aina ya doa. Nikaandika: "Doa: kubwa. Chanzo: mume. Mwenye doa anaomba radhi na anajua ni mjinga." Nikakibana kwenye aproni yake ilipokuwa imetundikwa mlangoni.

Jioni nikakikuta kwenye kola ya koti langu. Alikuwa ameandika chini yake, kwa kalamu nyekundu tunayotumia kwa nguo ngumu: "Halitoki kwa mvuke. Tutajaribu kwa mkono. Jumatano, saa saba."

Nimekisoma mara tisa. Nimelia kidogo, nikasingizia sabuni ya unga.

Jumatano, 27 Novemba

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Naapa.

Saa saba Chizuru alinipeleka Sazanka. Mama Setsuyo alikuwa ametufungulia sisi wawili tu, kisha akaenda sokoni. Viti vitupu, pazia wazi, jua linaingia mpaka kwenye kaunta. Chizuru alikuwa amevaa gauni la bluu. Akachukua rimoti, akabonyeza, na ile sehemu ya alama ikazimika kwenye kioo. Akasema leo hakuna wa kutuhesabia.

Tukaimba "Kaki". Nilianza kabla ya muziki. Hakunisahihisha, alicheka tu, na magego niliyaona. Nikamwomba anifungulie, nimechoka kugonga, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba niliyasikia maneno hayo nilipokuwa nayasema. Akanijibu ningoje. Tulipofika sehemu ya pamoja alinishika kiwiko. Nilimaliza baada ya muziki. Tukakaa. Nikamuuliza, kwa maoni yake, ni chaza au tunda. Akasema nikiimba mimi ni chaza, maana nimefunga kila kitu ndani na anayetaka chochote lazima aje na kisu. Yeye akiimba ni tunda, maana anachotaka ni kungojwa tu. Kisha akanipigia makofi, mikono juu ya kichwa.

Nikamwahidi wivu basi. Umekwisha, umezikwa. Nikamwahidi nitamwalika Nishiwaki na kumwomba radhi mwenyewe, kwa kinywa changu. Tulirudi kwa miguu kando ya bahari, mkono wake mfukoni mwa koti langu. Mtu angetuona angedhani ni wachumba.

Nimefika nyumbani, nimekaa, nina amani tele.

Kuna jambo moja dogo tu. Rimoti ya Sazanka ina vitufe arobaini na vitatu. Chizuru hawezi kutegesha saa ya jiko la wali, kila jioni ananiita mimi. Leo alizima alama kwa kidole kimoja, mara moja, bila miwani. Alijuaje? Mtu haamki tu asubuhi akajua kitufe. Kuna aliyemwonyesha. Na kumwonyesha mtu kitufe kidogo kiasi kile lazima mkae karibu, vichwa viguse, rimoti moja, mikono miwili. Nani pale Sazanka ana subira ya kufundisha? Nani amezoea mitambo? Nani aliishi miaka thelathini na mitano na vitufe vya kufungulia milango ya treni?

Nimemuuliza Chizuru sasa hivi, kwa upole kabisa, kama mtu anayepiga soga. Amesema hakuna aliyemfundisha, ubavuni mwa kitufe kuna kikaratasi kimeandikwa "Zima".

Nimemuuliza ni mwandiko wa nani.